Mwenye Hasira Hafuatwi

Katika nyumba alimozaliwa Mama Pindo hapakuwa na makelele. Kuna nyumba ambamo watu hutupiana vikombe, wakalia, wakaombana radhi na kurudi mezani kabla chai haijapoa. Kwao haikuwa hivyo. Kwao kulikuwa na sheria moja iliyoshikwa kuliko amri zote: mwenye hasira hafuatwi. Mtu akikasirika, anaingia chumbani na kufunga mlango, na wengine wanaendelea na kazi zao kana kwamba ametoka kidogo kwenda dukani. Hagongewi. Hasemeshwi. Kumuuliza mwenye hasira kama amepoa, bibi yake alikuwa akisema, ni kupuliza jivu ili uone kama bado lina moto. Hasira zikimwisha atatoka mwenyewe, atasema "nimepoa," atapewa chai, na jambo lenyewe halitatajwa tena mpaka kiyama.

Hiyo waliiita subira, na waliionea fahari kupita kiasi. Mama yake alikuwa mwoka mikate, na mtaa mzima ulimwita Bi Taratibu, kwa sababu hata nyumba ya jirani ingeshika moto, yeye angefunika unga wake kwanza kwa kitambaa chenye unyevu ndipo atoke kutazama. Kuhusu unga mwanamke huyo alijua yote. Alijua unga ukiharakishwa hutoa mkate wa kuvunjia watu meno. Alijua pia kwamba unga ukiachwa uumuke kupita muda wake huporomoka na kuchacha, na hapo hakuna tanuri la kuuokoa. Kuhusu watu, bahati mbaya, alijua ile nusu ya kwanza tu.

Siku yalipoharibika mambo, binti hakuwa bado Mama Pindo. Alikuwa msichana mwembamba aliyemsaidia mama yake kazi za mkate. Alisimama upande wa pili wa meza ya kukandia, akasema mambo mawili kwa pumzi moja, maana alijua akitua katikati hatamaliza: amepata mchumba, na ataingia dini ya huyo mchumba. Wao walikuwa watu wa kanisani, na mama na binti waliimba sauti ya pili katika kwaya, bega kwa bega. Mikono ya Bi Taratibu ikasimama ndani ya unga. Hakuinua macho. Akakanda tena kidogo, akanawa, akajifuta kwa aproni, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Basi binti akajua. Mlango umefungwa, mama amekasirika. Angefanya nini? Alingoja mikate ikaiva, akaitoa tanurini, akaipanga kwenye rafu ipoe, akafagia unga uliomwagika sakafuni. Mlango haukufunguka. Sheria ni sheria. Akachukua mkoba wake na kuondoka polepole, kwa adabu zote, ili mama yake apate nafasi ya kupoa.

Harusi ilifungwa bila mama. Binti alimtuma mjomba wake apeleke habari ya siku na mahali, na hakuongeza neno, kwa kuwa kumbembeleza mwenye hasira ni kumkosea mara ya pili. Siku yenyewe alikuwa anatazama mlango wa ukumbi mpaka mume wake akamnong'oneza, "Kuna mtu unamdai?" Akacheka. Alicheka ili asilie, na vipodozi vya uso vilikuwa vimemgharimu shangazi wa bwana harusi asubuhi nzima.

Wakahamia mji mwingine, kwa kina mume. Huko alifungua duka dogo la kurekebisha nguo. Kushona nguo nzima hakupenda, ila pindo alilishona kuliko mtu yeyote: alimpimia mteja akiwa amevaa viatu vyake, akachora kwa chaki, akakunja mara mbili, akabana kwa pini, kisha akapitisha mshono ambao kwa nje hata ukiutafuta kwa tochi huuoni. Ndipo jina la Mama Pindo likamganda. Mume wake alikuwa mtu mwema, sina neno juu yake. Dini mpya aliizoea, akaipenda. Ila kila akiwa peke yake na sindano, alijikuta anaimba chinichini ile sauti ya pili, na bega la kuiimba naye halipo tena.

Mjomba alizunguka kati ya nyumba hizo mbili miaka nenda miaka rudi. Kwa huyu alileta habari kwamba yule ni mzima, kwa yule kwamba huyu ni mzima, basi. Maneno ya moyoni hakuyabeba. Naye alilelewa katika nyumba ileile, ungetarajia nini?

"Mama hajambo?" Mama Pindo alikuwa akiuliza.

"Hajambo. Magoti tu."

"Bado hajasema kitu?"

Mjomba alikuwa akinyanyua kikombe na kunywa chai ambayo ilikwisha zamani. "Hayo si yangu, mwanangu. Vuta subira."

Alipojifungua mtoto wake, alifunga mizigo kabisa aende. Mtoto keshavishwa kofia. Kisha akawaza: nikimtokea na kichanga mkononi nitakuwa namlazimisha apoe, na hasira iliyolazimishwa kupoa hurudi na nyingine. Akamvua mtoto kofia. Mtoto huyo leo anagombania viatu na mama yake.

Akaenda kwa shehe, mzee mpole ambaye kanzu zake zote zilipandishwa pindo pale dukani. Shehe alimsimulia habari za yule mtu wa zamani aliyeondokewa na mali, watoto na afya, akabaki anashukuru. Kisha akasema, "Lakini binti yangu, mama ni mama. Kubadili dini hakukumfuta. Nenda kamsalimie, hata kama atakufungia mlango." Mama Pindo alirudi nyumbani na habari za yule mtu wa zamani, hayo mengine akayaacha msikitini. Kumbe huko kwao mchungaji naye alikuwa amemsimulia Bi Taratibu habari za mtu huyohuyo, mali zilezile, majipu yaleyale, na akamalizia kwa kumsihi apande basi aende kwa mwanawe. Bi Taratibu naye akabeba nusu iliyomfaa. Wanadamu ndivyo tulivyo. Tukipewa dawa mbili, ya kumeza na ya kupaka, tunachagua ya kupaka.

Aliyesema kweli mchana kweupe alikuwa mpiga pasi wa pale dukani, mwanamke aliyetoka nchi ya mbali, mwenye dini yake ambayo wateja walishindwa hata kuitamka. Walimwita Mgeni, ingawa alikuwa amekaa mji huo kuliko wengi wao. Siku moja, wanakunja mapazia, Mama Pindo akamuuliza kwao mtu akisusa wanafanyaje.

"Tunakwenda kukaa sebuleni kwake," akasema Mgeni. "Ukoo mzima. Tunakaa tu. Hatupewi maji, hatusemeshwi. Tunalala hapohapo chini mpaka ashikwe na wazimu atufukuze. Akifungua mdomo kutufukuza, basi, mazungumzo yameanza."

"Huo si ni usumbufu?"

"Ni subira, dada. Kumngoja mtu ukiwa nyumbani kwako, mguu juu ya mguu, nani hawezi? Hata kabati linaweza. Subira ni kuvumilia sura yake akiwa hataki kukuona."

Mama Pindo alicheka mpaka sindano ikamchoma. "Nyinyi hamna adabu hata chembe," akasema. Lakini jioni hiyo alishona pindo la pazia upande usio wake, ikabidi alifumue lote aanze upya.

Simu ya mjomba ilikuja asubuhi moja, duka limejaa sare za shule.

"Njoo," akasema mjomba.

Moyo wa Mama Pindo ukapaa. "Amepoa?"

Upande wa pili alimsikia mjomba anavuta makamasi. Kisha mzee akaeleza, kwa vipande. Bi Taratibu alianza kwa kusahau mikate tanurini. Halafu akaanza kuweka chumvi mara mbili, tena mara tatu, wateja wakavumilia kwa heshima. Halafu kanisani akasimama kuimba wakati wa mahubiri. Sasa hakumbuki hata tanuri linawashwaje. Daktari amesema akili inamtoka kidogo kidogo, na kwamba hairudi.

"Imeanza lini, mjomba?"

"Kitambo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri impite," akasema mjomba.

Mama Pindo aliacha sare mezani zikiwa na pini zake, akaondoka na mkoba tu. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Atapiga magoti. Atasema mama nisamehe kwa yote, hata kwa yale ambayo si makosa. Kama mama amesahau mengi, huenda hasira nazo amezisahau, na hapo patakuwa na heri ndani ya shari. Alijitia moyo namna hiyo, maskini.

Duka la mkate lilikuwa wazi ila rafu zilikuwa tupu na safi. Meza ya kukandia ilikuwa palepale. Bi Taratibu alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, aproni imepigwa pasi, anakunja kitambaa na kukikunjua, anakikunja na kukikunjua. Alikuwa amepungua mwili. Mjomba alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, anatazama viatu vyake.

Bi Taratibu akainua uso, akatabasamu kwa uso wote. "Karibu, mwanangu!"

Mama Pindo alishika ukingo wa meza. Miaka yote ile, na neno lenyewe ndilo hilo, limetoka jepesi hivyo.

"Ila mkate umekwisha," Bi Taratibu akaendelea. "Jaribu kesho, uje mapema."

Ndipo akakumbuka kwamba mama yake aliwaita wateja wote mwanangu, hata wenye mvi kumshinda.

"Mama, ni mimi."

"Ndiyo, nakuona."

"Mimi mwanao."

Bi Taratibu alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyepotea nyumba na hutaki aone haya. "Ahsante, una moyo mzuri. Lakini wangu ni mwembamba. Tena anatembea mbiombio, ukimtuma hapo amekwenda amerudi. Umetoka mbali?"

Mama Pindo akakunja mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko. Palikuwa na alama ya moto, ndefu na laini, aliyoipata kwa trei ya mkate akiwa msichana, na mama yake ndiye aliyempaka dawa wiki nzima. Akaunyoosha mkono mbele yake. Bi Taratibu aliushika, akaipapasa alama kwa kidole gumba, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Pole," akasema. "Kumbe na wewe umefanya kazi ya mkate. Trei hizi hazina huruma. Mwanangu naye analo kovu kama hili."

Mjomba akageuka kutazama ukuta.

Mama Pindo akaketi kwenye kigoda. Bi Taratibu aliona amempata mtu wa kuongea naye, akamsogelea.

"Wangu ana hasira na mimi," akasema kwa sauti ya chini, ile ya kuambizana mambo ya ndani. "Alikuja kuniambia anaolewa, na mimi mikono imejaa unga. Nikasema, habari kama hii simjibu mikono mitupu. Nilikuwa nimemwekea mashuka. Meupe. Pindo nimeyashona mwenyewe, kwa mkono, tangu yuko shule. Nikaingia chumbani kuyatoa. Kufuli la sanduku likanikatalia. Nimelivuta, nimelipiga na kiatu, na machozi nayo, unajua machozi hayakuachi uone tundu la ufunguo. Nimehangaika wee! Likafunguka. Natoka nayo hivi." Akanyoosha mikono miwili mbele, viganja juu, kama mtu aliyebeba kitu kizito kilichokunjwa vizuri. "Nakuta mikate imepangwa, pamefagiwa, yeye hayupo. Ameondoka na hasira zake. Nilikawia."

Mikono yake ilibaki imenyooshwa. Mama Pindo alitaka kupokea, na hapakuwa na kitu cha kupokea.

"Na ile dini?" akauliza. "Hukumkasirikia kwa ajili ya dini?"

"Nililia," akasema Bi Taratibu. "Niliwaza sasa nitaimba na nani. Lakini kulia si hasira, mwanangu. Mtu akilia kwa sababu ya mtoto wake, hiyo ni hasira?"

"Kwa nini hukumfuata?"

Swali hilo lilimshangaza kweli. Alimtazama Mama Pindo, akamtazama mjomba, kana kwamba mteja huyu ameuliza kwa nini mkate unaokwa. "Mwenye hasira hafuatwi," akasema. "Namsubiri apoe. Akipoa atakuja mwenyewe aniambie."

Mama Pindo akasimama, kigoda kikaanguka.

"Hakuwa na hasira!" akapiga kelele. Katika nyumba ile, kelele. "Hakuwahi kuwa na hasira hata siku moja! Alidhani wewe ndiye uliyekasirika! Alikuwa anakusubiri wewe! Amezaa anakusubiri, amekonda na kunenepa anakusubiri, na wewe umekaa hapa!" Akapiga meza ya kukandia kwa ngumi, vumbi la unga wa zamani likaruka kutoka kwenye nyufa za mbao. Akamgeukia mjomba. "Na wewe! Ulikuwa unapita huku na huku unakunywa chai yetu! Neno moja, mjomba! Neno moja tu la kuuliza lingekuvunja mdomo? Subira, subira, subira! Mmemaliza umri wangu na subira zenu!"

Machozi yalimtiririka mjomba mpaka kwenye kola ya shati, na hakuyafuta.

Bi Taratibu wala hakuogopa. Aliweka kitambaa chake mezani, akainuka polepole, goti moja kisha la pili, akamshika kaka yake mkono wa shati.

"Twende," akamnong'oneza. "Huyu mteja amekasirika. Tumwache apoe."

Wakaingia chumbani wakarudisha mlango taratibu, bila kuubamiza, kama inavyotakiwa.

Mama Pindo akabaki dukani na rafu tupu. Alilia kwa sauti, kilio cha msiba, akajiegemeza kwenye meza mpaka unga ukamshika mashavuni. Aliwalilia wote wawili, yule msichana aliyefagia sakafu kwa adabu akaondoka, na yule mama aliyekuwa nyuma ya mlango anapiga kufuli kwa kiatu. Alilia mpaka ndani pakawa hapana kitu. Kisha akanyamaza. Hapo ndipo alipojua, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote: hasira zenyewe za kweli, zile ambazo yeye na mama yake walisingiziana miaka yote, zilipokuja hazikukaa hata muda wa birika kuchemka.

Akanawa uso kwenye beseni. Akaenda mpaka kwenye ule mlango, akasimama.

"Nimepoa, mama," akasema.

Mlango ulifunguliwa hapohapo. Bi Taratibu alikuwa amesimama nyuma yake muda wote, mkono kwenye kitasa. Hakuuliza kitu, hakukumbusha kitu. Alimtazama kwa furaha tele, furaha ya mtu aliyerudishiwa kilichopotea, akamwambia mjomba amletee mgeni chai, akamshika kiganja kumrudisha dirishani.

"Wewe umewahi," akamsifu. "Umepoa upesi. Wangu hasira zake ni ndefu, lakini atakuja. Kaa na mimi, kama huna haraka. Akikuta tuko wawili tunamngoja, atafurahi."

Mama Pindo akainua kigoda kilichoanguka, akakisogeza mpaka kikagusana na kiti cha mama yake, akakaa. Mjomba alileta chai, hakuna aliyeinywa. Nje watu walikuwa wanatoka kazini. Kila alipopita msichana mwembamba mwenye mwendo wa mbio, Bi Taratibu alijinyanyua kidogo kitini na kumbana mkono.

"Ndiye?"

"Bado, mama," akajibu Mama Pindo.